Mwenyeji wa Inchi ni Nani?



Mwaka 2021 mswada ulipelekwa Bungeni Kinshasa kutaka Rais wa Jamhuri na wakubwa wengine wa serkali wawe watu waliozaliwa na baba Mkongo na mama Mkongo, wote wawili. Tangu siku hiyo maneno hayajaisha. Yanasemwa sokoni, yanasemwa mbele ya kanisa watu wakitoka misani, yanasemwa ndani ya basi. Mmoja anasema: "Ni vizuri, inchi isiongozwe na mgeni." Mwingine anajibu: "Na mimi niliyezaliwa Kasumbalesa, mama yangu Mzambia, basi mimi ni nusu ya raia?"

Gazeti hili lina neno juu ya jambo hilo. Hatusemi kwa kumtetea mtu anayetaka kiti, wala kwa kumzuia mwingine asikipate. Viti vya Kinshasa vina watetezi wa kutosha. Tunasema kwa sababu swali la "wewe ni nani, umetoka wapi" ni la zamani kuliko Jamhuri, na kila mara lilipoulizwa na wenye nguvu katika inchi hii, watu walionekana kando ya njia na mizigo yao kichwani.

Tuanze mbali kidogo. Baba zetu nao waliuliza. Mzee alipomwona kijana asiyemjua akiingia kijijini, alimwuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?" Aliuliza apate kujua amwiteje. Kama kijana alikuwa wa ukoo wa upande wa mama, aliitwa mjomba au mpwa, akapewa maji. Kama alikuwa wa kabila la watani, alitukanwa kwa kicheko, akatukana naye, wakala pamoja. Na kama undugu haukuonekana, ulitafutwa njia ya kuufanya: sultani alimwonyesha mahali pa kulima, akajenga, akaoa, au alichanjwa pamoja na mtu wa pale, wakawa ndugu wa damu. Wajukuu wake walikuwa watu wa kijiji kile. Wazee tu ndio waliokumbuka babu alitoka wapi, na walikumbuka kwa ajili ya mambo ya ndoa na matanga.

Hatutaki kusema kwamba zamani ilikuwa paradiso. Kulikuwa na watumwa. Lakini angalia mtumwa alikuwa nani: alikuwa mtu asiye na wa kumjibia swali lile. Alitolewa kwao, akakatwa na ukoo wake, hakuna mjomba wa kusimama na kusema "huyu ni wetu". Kwa hiyo wazee walijua jambo ambalo watunga sheria wetu wanalisahau: mtu anakuwa mtu kwa sababu kuna watu wanaomhesabu kuwa wao. Kumtoa katika hesabu hiyo ni kumwua akiwa hai.

Tena wafalme wenyewe walikuwa wa nani? Waluba wanasimulia habari za Nkongolo, mfalme mwekundu mkali, na za mwindaji mgeni aliyetoka mashariki, Mbidi Kiluwe. Mwindaji huyo alimpata Bulanda, dada ya Nkongolo, akazaa naye Kalala Ilunga, naye ndiye aliyemshinda mjomba wake na kuwa mfalme ambaye wafalme wa Waluba wanajivunia kuwa uzao wake. Walunda nao wanasimulia kwamba binti mfalme, Ruwej, aliolewa na mwindaji mgeni, Chibinda Ilunga wa Waluba, na bangili ya ufalme, lukano, ikapita kwake. Kaka zake Ruwej walikasirika wakahama. Wenye elimu watatuambia hizi ni hadithi za kutukuza nyumba za wafalme, na ni kweli, kila nyumba ya mfalme ina wasimuliaji wake. Lakini ingekuwa rahisi kusimulia kwamba mfalme alichipuka pale pale penye ardhi. Wakachagua kusimulia kwamba mfalme mwema alikuwa mtoto wa mgeni na wa binti wa inchi. Kwa mswada wa 2021 Kalala Ilunga angerudishwa mlangoni.

Kisha akaja Bulamatari, naye akauliza swali lile lile la mzee. Tofauti ni kwamba mkononi alikuwa na kalamu, na jibu aliliandika ili libaki. Dekreti za 1906 na 1910 ziligawanya watu katika usultani mmoja mmoja, na ile ya 1933 ikakaza kamba. Kila mwanaume mzima akawa na buku yake: jina, baba, kijiji, usultani, kabila. Bila buku, wewe ni mzururaji. Bila ruhusa, huwezi kukaa mbali na kwenu. Mtu alichimba shaba Elisabethville miaka 20, watoto wote wamezaliwa site, wanasema Kiswahili tu, na buku bado inasema kwamba kwake ni kijiji ambacho hata nyumba ya kufikia hana.

Kuandika kulibadilisha vitu vyenyewe. Jina ambalo zamani lilikuwa la mto, au la kilima, au la utani tu, likawa kabila, na kabila likawa na mpaka, na mpaka ukawa na mkubwa wake. Waluba wa Kasai na Walulua wanasema lugha moja, na wazee wao waliwahesabu kuwa jamaa ya karibu. Mwaka 1959, huko Luluabourg, waliuana. Hatusemi kwamba Wabelgiji ndio walioshika panga. Tunasema kwamba walikuwa wamekwisha kuwaandika watu mbalimbali, wakawapa wengine nafasi za ukarani na wengine mashamba, na jibu la "wewe ni nani" likawa ni mkate au njaa.

Halafu lilikuja jambo la kuchekesha, kama si la kuhuzunisha. Mwaka 1948 serkali ilianzisha karte ya wenye kustahili, na 1952 ikaleta dekreti ya kuwaandikisha wale walioitwa evolue, ili wahesabiwe karibu na Wazungu mbele ya sheria. Mtu aliandika ombi. Kisha wajumbe walikuja nyumbani kwake. Waliangalia kama anakula mezani pamoja na mke wake na watoto. Waliangalia uma na visu, vitanda, jikoni, choo. Waliuliza mke kama anajua kupokea wageni. Hivyo ndivyo utu ulivyopimwa: kwa sahani. Katika inchi yenye watu zaidi ya milioni 13, waliopata daraja ile ya 1952 walikuwa wakihesabiwa kwa mamia tu mpaka uhuru ulipokaribia. Patrice Lumumba mwenyewe, karani wa posta Stanleyville, alikataliwa kwanza, naye akaipata 1954.

Vijana wa leo wanapenda kuwacheka watu wale. Wasiwacheke. Baba aliyetafuta karte alitaka asipigwe fimbo mbele ya watoto wake, alitaka mwanawe akubaliwe katika shule nzuri. Ubaya ulikuwa ndani ya mpango wenyewe: utu ulifanywa zawadi, na anayeomba zawadi amekwisha kukubali kwamba mwenye kuigawa ndiye mwenye mali. Ndiyo maana walipochoka kuomba, hawakutafuta karte bora kuliko ile. Walidai inchi. Tunadhani hapo ndipo uhuru ulipoanza, kabla ya mikutano na bendera: siku mtu alipokataa kukaguliwa choo chake ili aitwe mtu.

Lakini uhuru ulipata buku mezani, nao ukaifungua na kuendelea kuandika.

Mfano wake mkubwa ni Katanga, na hapa tunaomba msomaji avumilie, kwa sababu jambo hili limetugusa sote tunaosema lugha hii. Union Minière, ambayo ilianzishwa 1906, ilikosa watu wa kutosha kuchimba shaba. Ikawatafuta Kasai, ikawatafuta Rwanda na Burundi, ikawaleta kwa treni, ikawajengea kambi, na baada ya 1927 ikaona faida kuwaweka na wake zao ili wasirudi. Hakuna mchimbaji aliyevamia Katanga kwa mkuki. Aliletwa. Desemba 1957, Waafrika wa Elisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza, na katika waburugumestre wanne waliopatikana hakuna hata mmoja wa makabila yaliyoitwa ya Katanga. Oktoba 1958 ikazaliwa CONAKAT, na neno jipya likaingia midomoni: "Mkatanga halisi".

Uchungu wa wenyeji haukuwa wa bure. Walikuwa wameona kazi nzuri zikienda kwa wengine, na Mzungu akifurahia kuwagombanisha. Tunalikubali hilo. Ila sikilizeni halisi huyo alikuwa nani. Mmoja wa viongozi wakubwa wa CONAKAT, ambaye baadaye akawa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Na Msiri alitoka Unyamwezi, katika inchi ambayo leo ni Tanzania, akaja kwa biashara ya shaba, akajenga Bunkeya, akatawala mpaka alipouawa na watu wa Leopold tarehe 20 Desemba 1891. Hatusemi hivyo kwa kuwatukana Wayeke. Wayeke ni watu wa Katanga, hakuna wa kuwaondoa. Lakini kama miaka 100 ilitosha kumfanya Myeke kuwa mwenyeji halisi, kwa nini miaka 30 ya Mkasai haikuhesabiwa hata kuwa mwanzo? Kiswahili chenyewe ambacho "halisi" alikisema katika mikutano kilikuja na misafara kutoka pwani ya mashariki.

Mnajua yaliyofuata. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, mpaka Januari 1963. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walijazana katika kambi pembeni ya Elisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu nyumba zao za mjini hazikuwa tena mahali pa kulala salama. Mtu angefikiri somo limesikika. Lakini 1992 na 1993 yakarudi yale yale, na zaidi. Wakasai wa Likasi na Kolwezi walifukuzwa, mamia ya maelfu, wakalala kwenye stesheni wiki na miezi wakingoja treni, wakafa kwa kuhara na kwa njaa. Waliitwa bilulu, wadudu. Wengi walipelekwa "kwao" Kasai ambako hawajapata kukanyaga. Jirani aliyekuwa anaomba chumvi jana alisimama akitazama. Wengine walificha watu vyumbani mwao, hilo nalo tulikumbuke. Hakuna aliyewalazimisha, na sheria haikuwa upande wao.

Habari za Mobutu tutazipita upesi, kwa kuwa kila nyumba inazo. Yeye alisema atatuponya na karte za Wazungu kwa kuturudishia uhalisi wetu. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire, 1972 majina ya ubatizo yakakatazwa, tai ikakatazwa, na kila mtoto aliyezaliwa akawa mwanachama wa MPR hata kabla ya kunyonya. Palikuwa na kitu cha kupendeza ndani yake. Mtu kuitwa kwa jina la babu yake si jambo dogo. Lakini ni mkono ule ule. Zamani Mzungu alikuambia uwe nani, sasa mtu mweusi anakuambia uwe nani, na wewe bado umesimama mbele ya meza ukingoja muhuri.

Na Kivu. Tunajua watu wa Kivu wana vidonda vibichi, na hatutaki kuvitia kidole. Lakini hatuwezi kusema habari hii tukaruka Kivu. Kuanzia 1937 serkali ya Wabelgiji ilihamisha Wanyarwanda na kuwaweka Masisi ili mashamba yapate wafanyakazi. Na wengine wenye kusema Kinyarwanda walikuwa ndani ya mipaka hii kabla ya mpaka kuchorwa. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wale wa Rwanda na Burundi waliokaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Mtu alilala raia, akaamka mgeni, bila kuhama hata chumba. Sheria ya Novemba 2004 ikatafuta kurekebisha: raia wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao ndivyo vilivyofanya inchi iliyokuwa Kongo siku ya uhuru.

Msomaji wa Goma au Bukavu atatuambia: "Ninyi mnaandika maneno mazuri, na sisi miji yetu ilichukuliwa na M23 mwezi wa kwanza na wa pili 2025, na askari wa Rwanda nyuma yao." Ni kweli, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika habari za askari hao. Jeshi linalovuka mpaka ni adui, na aliyelituma ni adui. Lakini jeshi halitambuliwi kwa pua ya mtu. Linatambuliwa kwa bunduki na kwa amri linayotii. Kila tunapomshika fundi wa viatu au mwanafunzi kwa sababu ya uso wake, tunamwandikia jenerali wa ng'ambo hotuba yake ya kesho. Atasema amekuja kumwokoa. Anadanganya, lakini sisi ndio tuliompa karatasi ya kusomea.

Sasa turudi kwenye mswada. Katiba ya 2006 inasema tayari kwamba Rais awe raia wa asili. Mtu aliyepewa uraia ukubwani hawezi. Na sheria ya 2004 inasema kwamba mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mkongo, ni Mkongo tangu kuzaliwa. Basi mswada haumzuii mgeni, kwa kuwa yeye amekwisha kuzuiwa. Unawagawanya Wakongo wa asili katika daraja mbili: wale wa wazazi wawili, na wale wa mzazi mmoja. Daraja! Ndilo neno lile lile la 1952. Wajumbe watakuja tena nyumbani, safari hii bila kuuliza habari za uma na visu. Watauliza bibi mzaa mama alizaliwa upande gani wa mto. Na katika inchi ambayo sensa ya mwisho ya watu wote ilifanywa 1984, ambako watu wengi hawana karatasi nyingine ya kujitambulisha ila karte ya kupigia kura, nani atakayejua jibu? Atajua yule mwenye fedha ya kumlipa karani. Maskini atabaki na uso wake na jina lake, navyo vitasomwa na polisi wa kizuizini kama apendavyo.

Wenye mswada wanajibu kwamba wanaogopa usaliti: moyo wa mtu wa damu mbili utakuwa umegawanyika. Hofu yenyewe si ya kipumbavu. Inchi hii imeuzwa mara nyingi. Basi tuhesabu wauzaji. Mobutu alitawala miaka 32. Baba yake alikuwa Mkongo, mama yake alikuwa Mkongo. Moïse Tshombe, aliyeitenga Katanga huku makampuni yakimshangilia, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara mkubwa wa Kilunda, baba na mama wa hapa hapa. Wale waliokuwa mawaziri fedha za shaba na kobalti zikipotea, wengi wao wana wajomba na mashangazi katika kila kijiji cha jimbo lao. Damu haikuwazuia. Pengine iliwasaidia, kwa maana nani angemshuku mtoto wa nyumbani?

Kama tunaogopa usaliti, silaha ipo, tena imelala. Kifungu cha 99 cha Katiba kinasema kwamba Rais na kila mtu wa serkali, kabla ya kuingia kazini na tena siku ya kutoka, aandike mali yake na ya jamaa yake na kuipeleka mbele ya Mahakama ya Katiba. Hilo ndilo swali la kumwuliza mkubwa: uliingia na nini, unatoka na nini? Linajibika kwa hesabu, halihitaji kumfukua bibi ya mtu. Chama chetu kinataka orodha hizo zitangazwe, zibandikwe mahali raia anaweza kuzisoma, na asiyetoa asikae kitini.

Na kwa raia wadogo tunataka jambo jingine, jepesi kulisema. Karatasi ya raia itolewe kwa kila Mkongo bila kununuliwa, iandikwe jina lake, mahali alipozaliwa, mahali anapokaa, basi. Nafasi ya kabila isiwepo. Anayetaka kujua kabila la mwenzake amkaribishe nyumbani, amwulize kama mzee alivyouliza, akiwa na maji mkononi.

Deputy wenu akirudi kutoka Kinshasa kuomba kura, mwulizeni atapiga upande gani juu ya baba na mama. Kisha, kabla hajapanda motokari, mwulizeni orodha za mali za mawaziri anaowaunga mkono ziko wapi, na kama yeye mwenyewe amewahi kuomba kuziona.